Sahani ya Fundi

Mwaka ule mvua ya kwanza ilipiga Katuba, mtaa wa Lubumbashi, siku ya Jumapili, watu wakitoka misa, na Wivine Chishimba akapika chakula cha mchana akiwa na mwiko mkono mmoja na mwavuli mkono wa pili. Siongezi chumvi. Jiko lake lilikuwa kachumba keusi kalikobandikwa nyuma ya nyumba tangu enzi za baba mkwe wake, na bati lake lilikuwa na matundu mengi kuliko bati lenyewe. Lakini bukari, ugali wa kwetu, haisongwi kwa mkono mmoja. Ikafika saa ya kuikaza, mwavuli ukahamia begani, akaubana kwa shavu kama mtu anayeongea na simu, na maji yakaendelea kumtiririka mgongoni.

"Papa Liévin!" alipiga kelele. "Mvua iko inapika pamoja na miye!"

Mume wake, Liévin Kabwe, mstaafu wa reli, alikuwa sebuleni, mkavu, miguu juu ya kigoda. Alijibu neno lake la siku zote: "Tutaona."

Hiyo "tutaona" ilikuwa na umri mkubwa kuliko binti yao Lydie, ambaye sasa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mwenye mshahara wake. Siku hiyo ilikufa. Wivine aliingia sebuleni akidondosha maji kwenye zulia, akaweka chungu cha bukari juu ya meza, na kusema kwamba hatapika tena chini ya lile bati hata siku moja baada ya mwezi ule. Lydie akasema ataongeza chake. Liévin aliwatazama wanawake wawili, akatazama bukari yenye maji ya mvua, akaona hana pa kukimbilia.

Sasa, mtu anaweza kufikiri kwamba Wivine alitaka jiko kwa sababu ya mvua tu. La. Kulikuwa na jambo lingine, na kila mtu pale nyumbani alilijua. Kwa ukoo wake, watu wa upande wa Sakania, mwanaume anayeoa hagusi chakula cha mama mkwe wake. Hakanyagi jikoni kwake akiwa anapika, hamkazii macho, hawasemezani ana kwa ana, mpaka ifike siku ya kuonyeshwa moto. Siku hiyo mama wa binti anapika kila kitu kinacholiwa katika ukoo wake, mkwe analetwa mpaka jikoni, anauona moto uliomlea mke wake, anapewa tonge la kwanza. Kuanzia hapo ni mtoto wa nyumba. Atakula, atacheka, ataomba chumvi.

Siku Liévin alipoonyeshwa moto, miaka hiyo, mvua ilishuka kwa hasira. Moto wa mama yake Wivine ukazimika palepale, kuni zikatoa moshi tu, na yule mama akalazimika kukimbia na vyungu vyake mpaka kwa jirani. Liévin akaonyeshwa moto wa watu wengine. Ndugu zake walicheka, wakasema wameoa katika nyumba isiyo na moto. Ulikuwa mzaha, na wao waliusahau jioni ileile. Mama yake Wivine hakuusahau. Aliurudia hata akiwa kitandani kwa ugonjwa wake wa mwisho. Wivine alikuwa na mtoto mmoja tu, Lydie, na alikuwa amejiapia: mume wa Lydie, awe nani awe nani, ataonyeshwa moto wa mama yake, chini ya bati la mama yake, kwa mkono wa mama yake. Nafasi ilikuwa moja tu.

Fundi alipatikana haraka mno. Lydie ndiye aliyeleta jina.

"Mama, kuko fundi moja, banamuitaka Guelor. Alitengenezaka classe yetu ku masomo. Anatiaka karo muzuri sana."

"Iko muntu ya heshima?"

"Sana, mama," alisema Lydie, na akainama kufunga kamba ya kiatu. Kiatu kilikuwa hakina kamba, lakini Wivine alikuwa tayari anawaza rangi ya karo, vile vigae vya ukutani.

Guelor alikuja kesho yake asubuhi: kijana mrefu, mwembamba, penseli sikioni, macho chini. Alizunguka kile kijichumba, akagonga kuta, akapanda kuangalia bati. Mafundi waliomtangulia, kwa maana Wivine alikuwa amekwisha kuita wengine wawili, walikuwa wameanza moja kwa moja na mambo ya simenti. Huyu aliuliza swali ambalo Wivine alikuja kulisimulia mtaa mzima.

"Mama, bukari unapikaka ya kuikala ao ya kusimama?"

Wivine alipiga makofi. "Ya kuikala, mutoto yangu! Naikala, miguu inakamata nyungu. Bukari ya bantu kumi, utaisonga je ya kusimama?"

"Basi tutafanya mahali mbili," alisema Guelor akiongea na sakafu. "Moja ya juu, ya évier ya kusafishia vyombo na réchaud ya umeme. Moja ya chini, ya mbabula na cheminée yake. Courant ikienda, mama hatasumbuka."

Mahali pa mbabula! Jiko lake la makaa, ambalo katika nyumba za watu wenye uwezo linafichwa nyuma kama mgonjwa, lingepewa kiti chake ndani, na bomba la moshi juu yake. Wivine alitamani kumkumbatia yule kijana. Alijizuia, akaenda kumwambia Liévin kwamba hiyo ndiyo akili, na kwamba mama aliyezaa mtoto kama yule alale usingizi mzuri.

Siku ya kubomoa ilikuwa sikukuu. Guelor alipopiga nyundo ya kwanza, masizi ya miaka yote yalishuka kwa mara moja, na waliokuwa karibu wote wakatoka weusi wakiwa na meno tu. Wivine alipiga vigelegele. Jirani alidhani kuna harusi, akachungulia juu ya ukuta kuuliza nani ameoa. "Miye!" alijibu Wivine. "Ninaolewa na cuisine!"

Kisha yakaanza maisha ya vumbi. Mbabula ilihamia barazani. Vyungu vilipanda juu ya televisheni, gunia la unga likalala chini ya kitanda cha mzee, na mwiko ukapotea, ukaja kuonekana ndani ya buti la Liévin. Chai ilikuwa na simenti, na mchuzi ulikuwa na simenti pia. Liévin alikohoa na kulalamika kwamba hata sala zake zina mchanga. Wivine hakulalamika hata kidogo. Alikuwa anaamka mapema kuliko jogoo wa jirani, anajifunga kitenge, anakwenda kuweka kiganja juu ya ukuta mpya kuona kama umekauka. Akikuta tofali zimeongezeka anarudi chumbani kumwamsha mumewe. "Papa Liévin, imepanda! Lamuka uone!"

"Niliiona jana."

"Jana ilikuwa mufupi!"

Siku ya kuchagua karo alishinda dukani hadi muuzaji akachoka akakaa chini. Alizitaka za kijani, lakini si kijani chochote, kijani cha jani changa la mchicha wa lengalenga kabla halijaguswa na maji moto. Alipozipata alibeba moja mapajani katika teksi, akaionyesha kwa dereva, na dereva, mtu mwema, akasema ni nzuri.

Na alimlisha fundi wake. Hapo ndipo kosa lilipoingia, na liliingia kwa mlango wa furaha. Kila mchana Wivine alijaza sahani ya kwanza kabla ya sahani ya mtu yeyote: bukari ya moto, lengalenga ya karanga, samaki wa njia ya Kasenga kama wamepatikana, na pilipili pembeni. Guelor aliipokea kwa mikono miwili, kichwa chini. "Aksanti, mama." Halafu alitoka nayo nje, nyuma ya rundo la tofali, na Papa Liévin alimfuata akisema anakwenda kusimamia kazi. Baadaye sahani ilirudi inang'aa, hata mfupa haukubaki.

"Ule mutoto anakula!" Wivine alimwambia Lydie kwa fahari. "Na heshima yake! Hajaniangaliaka ku macho hata mara moja. Nikiingia kwa mulango, yeye anatokea ku dirisha. Batoto ya leo bako vile?"

"Hapana, mama," alisema Lydie, na akakumbuka ghafla kwamba ana madaftari ya kusahihisha.

Jambo lingine la kushangaza la siku zile ni kwamba katika nyumba ile ambapo kila mtu alikonda kwa vumbi na pilikapilika, Papa Liévin alinenepa. Mkanda wake uliongezwa tundu kwa msumari wa fundi. Aliulizwa, akasema ni hewa.

Bati jipya lilipofika juu, mvua ililijaribu siku ileile. Wivine alisimama katikati ya jiko lisilo na sakafu wala karo, mikono wazi, akisikiliza ngurumo juu ya kichwa chake bila kudondokewa na tone. Alicheka peke yake. Alisema kwa sauti, "Mama, unasikia?" Alikuwa anasema na marehemu.

Basi, Jumamosi moja, wakiwa bado wanangoja sakafu ikauke, wazee wawili waligonga mlango. Walikuwa wametoka Kasomeno kwa lori, makoti yao mekundu kwa vumbi la barabara, na mmoja wao alikuwa amebeba sahani mbili za bati zilizofunikana, zimefungwa kwa kitambaa cheupe. Wivine aliziona hizo sahani kabla hajaziona nyuso zao. Kila mama mwenye binti anajua sahani mbili zilizofunikana zinasema nini: watu wamekuja kuposa.

Walikaribishwa, wakapewa maji. Mwenye sahani alikohoa.

"Jambo yenu. Tuko na mutoto yetu mwanaume anafanya kazi hapa kwenu. Alituambia kazi iko karibu kuisha, lakini yeye hataki kutoka. Anataka kubaki mutoto ya nyumba. Tukaona tukuye tuulize kama kuko nafasi."

"Mutoto gani?" aliuliza Liévin, kwa uso wa mtu ambaye hajui, ingawa uso wenyewe haukumsaidia sana.

"Guelor."

Nyuma ya pazia la chumbani kitu kilianguka. Kilikuwa Lydie, au kiti alichokuwa amesimama juu yake ili asikie vizuri. Wivine aliruka. Alisahau adabu, akasahau wageni, akapiga kigelegele kilichofika barabarani, akacheza akizunguka meza mpaka kilemba chake kikafunguka. Guelor! Aliyeuliza habari ya bukari! Kama angeambiwa achague katika Lubumbashi nzima, angemchagua yeye.

Halafu akasimama, mkono mdomoni.

Sahani. Sahani zote zile. Alikuwa amemlisha mkwe wake kwa mkono wake mwenyewe, kila mchana, miguu ya kijana ikiwa ndani ya jiko lake, kabla moto haujaonyeshwa. Alikaa chini taratibu. Wageni walidhani ni furaha imemzidi.

Alimpigia simu Mama Mwape, mdogo wa marehemu mama yake, kule Sakania. Katika ukoo, yeye ndiye aliyebaki wa kuulizwa mambo hayo, na alikuwepo siku ile ya mvua. Alibeba mwenyewe chungu kimoja kwenda kwa jirani. Alifika kwa basi baada ya siku chache, fimbo mkononi, kuku ndani ya kikapu. Mambo ya moto ni ya wanawake, kwa hiyo jambo la kwanza alilofanya ni kumtoa Papa Liévin nje. Lydie alikuwa shuleni. Mlango ukafungwa, na Wivine akaeleza yote bila kupunguza.

Mama Mwape aliegemeza fimbo yake ukutani.

"Ulimupa wewe mwenyewe? Mukono na mukono?"

"Mukono na mukono, mama mudogo. Mi sikujua. Nilikuwa na furaha ya cuisine."

"Moto haionyeshwake muntu mwenye amekwisha kuikula. Utamuonyesha nini? Anaijua." Alitikisa kichwa, hakuwa mkali, na hilo lilimuumiza Wivine zaidi. "Ndoa itakuwa, usiogope. Lakini moto ataonyeshwa ku Sakania, ku mbabula yangu. Kwangu hajakula."

Moto wa watu wengine, tena. Wivine hakubisha, alijua Mama Mwape hakuitunga sheria ile. Alikwenda kusimama ndani ya jiko lake jipya, akaangalia mahali pa chini palipojengwa kwa ajili ya mbabula, pamepigwa simenti laini, bomba la moshi limenyooka juu, na akalia kama alivyolia mama yake, kimya kimya ili binti asisikie. Hakumwambia Lydie. Mtoto alikuwa anaimba nyumba nzima; nani angeizima furaha ile? Wala hakumwambia Liévin, maana Liévin ni mwanaume, na tena siku zile kila akitazamwa usoni anageukia upande.

Kazi hata hivyo haikusimama. Ila sasa Guelor alikuwa mkwe rasmi, na ilibidi mambo yawe mambo. Mama Mwape alitundika kitenge kikubwa katikati ya mlango wa jiko. Fundi ndani, mama mkwe nje, na Liévin katikati akiwa mjumbe. Ilikuwa vituko vitupu. Wote wawili walisikiana vizuri kabisa, lakini kila neno lilipaswa kupita kwa mzee.

"Papa Liévin, ambia ule muntu karo ya pale dirishani iko inainama."

"Anasema karo inainama."

"Papa, ambia mama haiinami, ni mwanga tu."

"Anasema weye haujui kuangalia."

"Papa! Sikusema vile!"

Liévin akisinzia, ambayo ilikuwa mara nyingi baada ya chakula, Wivine alizungumza na ndoo. "Weye ndoo, évier isikuye juu sana, mi niko mufupi." Na kutoka ndani, kwa heshima zote: "Ndoo, ambia mama nilipima na Lydie, bako sawasawa." Hapo Wivine alicheka hadi akashika ukuta. Uchungu wake haukuwa umeondoka, lakini jiko lilikuwa linapanda kijani siku baada ya siku, na mtu hawezi kuona kijani kile akanuna asubuhi hadi jioni. Maji yalipotoka bombani mara ya kwanza, ndani ya nyumba, bila ndoo kichwani, alifungua na kufunga, akafungua na kufunga, mpaka Mama Mwape akamwambia ataligombanisha bomba na maji yake.

Na sahani ya fundi aliendelea kuijaza. Mama Mwape alikunja uso.

"Kama moto imekwisha kuliwa, imekwisha kuliwa," alisema Wivine, na safari hii alikuwa mkaidi. "Nitamunyima sasa juu ya nini? Afanye kazi na njaa?" Ilipitia mkononi mwa Liévin, Liévin akaipeleka nyuma ya tofali, sahani ikarudi inang'aa.

Siku ya mwisho ya karo alipika samaki. Alimkabidhi Liévin sahani, akarudi barazani, akaona kibakuli cha pilipili kimebaki juu ya stuli. Alimwita, hakujibiwa. Basi alikichukua mwenyewe, akajifunika uso nusu kwa kitenge kama inavyotakiwa, akazunguka nyumba kwa hatua ndogo, akiwa na nia ya kukiacha pale pembeni na kukimbia.

Nyuma ya rundo la tofali alisikia sauti, akasimama.

"Papa, leo ni samaki ya Kasenga?"

"Ee," ilijibu sauti iliyojaa mdomo.

"Harufu yake inafika mupaka hapa."

"Vumilia, mutoto. Siku yako itafika."

Wivine alichungulia. Guelor alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, ameelekea ukutani, mkate mkavu mkono mmoja na kikombe cha maji mkono wa pili. Na juu ya jiwe, sahani mapajani, mikono ikiwa na mafuta hadi kwenye kifundo, mume wake alikuwa anamalizia kichwa cha samaki.

Pilipili ilianguka. "Mama mudogo!" Wivine alipiga kelele kama nyumba inaungua. "Kuya mbio! Kuya uone! Mama mudogooo!"

Mama Mwape alikuja bila fimbo, na mpaka leo hakuna anayejua alikimbiaje. Guelor alikuwa ameruka na kuficha uso kwenye tofali. Liévin alikuwa ameganda, tonge hewani.

"Mi nilikuwa naonja," alisema Liévin.

"Tangu lini?" aliuliza Mama Mwape.

Liévin alimtazama mke wake, akatazama tonge, akalirudisha sahanini. "Tangu siku ya kwanza," alisema. "Aliniambia pale pale: papa, mi niko na mambo ku mutoto yenu, nataka kumuoa, siwezi kukula ku mama mupaka banionyeshe moto. Lakini akasema asimukatalie mama chakula yake, ni mbaya. Sasa chakula itatupwa? Bukari ya muzuri vile?"

"Kila siku?" aliuliza Wivine.

"Kila siku. Na leo."

Mama Mwape alisogea, akauambia mgongo wa fundi, polepole: "Mutoto, kinywa yako ilionja kitu ya hii nyumba?"

"Maji tu, mama," alisema Guelor kwenye tofali. "Ya robinet."

Yule bibi aliwaza. Wivine hakupumua. Hata kuku wa Sakania, ambaye kwa wakati ule alikuwa amezoea nyumba, alisimama.

"Maji ni ya Mungu," alisema Mama Mwape. "Moto ataonyeshwa hapa."

Wivine alimrukia mume wake. Liévin alijikinga akidhani anapigwa, kumbe anakumbatiwa, mafuta ya samaki na yote. Hajawahi mwanaume kusamehewa ulafi kwa namna ile. Alibusiwa kila tundu la mkanda.

Siku yenyewe ilipofika, mvua ilifika nayo. Ilianza asubuhi, nzito, ya kulaza majani ya ndizi za jirani, na courant ikaondoka kama ilivyo desturi yake mawingu yakikohoa. Wivine alicheka tu. Alikaa kwenye kigoda, mahali pa chini, mbabula mbele yake imejaa makaa mekundu, chungu kikubwa kimebanwa na miguu yake, mikono miwili kwenye mwiko. Moshi ulipanda bombani bila kuuliza njia. Karo za kijani ziliakisi moto mpaka jiko zima likapata joto la uso wa mtu. Alisonga bukari ya ukoo mzima akiimba, na kila kitu kinacholiwa kwao kilikuwa pale, kimefunikwa: lengalenga, sombe ya majani ya muhogo, uyoga mkavu, kuku aliyetoka Sakania, maskini, na samaki.

Guelor aliletwa na wazee wake, koti jipya, kichwa chini. Alisimamishwa kwenye mlango alioutoboa yeye mwenyewe. Lydie alikuwa amesimama pembeni akiuma kitambaa chake. Kitenge kilitolewa. Mama Mwape alifunua chungu cha kwanza, cha pili, cha tatu, akavitaja vyote kwa majina, halafu akanyoosha mkono kwenye mbabula.

"Moto yenye ililea bibi yako njo hii. Haiko ingine."

Wivine alikata tonge, akalichovya, akampa mkononi. Guelor alilitia kinywani, akafumba macho, akatafuna. Hakumeza haraka. Mabega yake yakaanza kutikisika, na watu wakatazamana, hawajui kama ni kicheko au kilio.

"Mama," alisema mwishowe, na hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwake, tangu awe mkwe, bila mjumbe wala ndoo, "hii cuisine yote niliijenga na njaa."

Nyumba ililipuka. Wazee wa Kasomeno walipigana mapaja, Lydie alicheka huku machozi yanamshuka, na Wivine, ambaye sasa aliruhusiwa, alimtazama mkwe wake usoni kwa mara ya kwanza. Alikuwa na kishimo kwenye shavu la kushoto. Hakuwa amekiona siku zote zile. Alimjazia sahani mpaka ikamwagika, na alipoimaliza akamjazia ya pili.

"Na miye?" aliuliza Papa Liévin, sahani tupu mkononi.

"Weye ulikwisha kukula yako."

Watu walikuwa bado wanacheka. Mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu hata ikabidi waongee kwa kelele. Ni Wivine peke yake aliyemwona Mama Mwape, amekaa karibu na mbabula, uso ameuinua darini, mkono wake wa kizee ameunyoosha, kiganja juu, anangoja tone. Alingoja sana. Halafu akaurudisha mkono ukiwa mkavu, akajifutia nao machozi.